Wembe Kwenye Picha ya Mama

Picha zenyewe zilikuwa mbili. Nilizinunua kwenye mnada wa nyumba ya zamani ya Mzungu, nje ya Kitale, mwaka niliohamia huku. Ni picha za kuchapishwa, fremu nyeusi, kioo kizima. Ya kwanza ina askari wa pande mbili za vita vya Wazungu wakicheza mpira kwenye theluji, siku moja waliyoamua wenyewe kuweka bunduki chini. Hiyo iko sebuleni kwangu hadi leo. Ya pili nilimpelekea mama kule kwetu Myanga. Ndani yake askari amepiga magoti, shingo wazi, na adui yake anamnyoa kwa wembe.

Mama aliitundika juu ya kochi la wageni. Nikamwambia, maana mimi si mtu wa kunyamaza, kwamba hao watu baadaye walirudi kuuana.

"Najua," akanijibu. "Lakini hiyo siku, huyu alitoa shingo."

Alikuwa na sababu yake. Kaka yangu mkubwa na mdogo wangu hawakuwa wakisalimiana. Kaka aling'oa mikonge ya mpaka aliyoipanda baba, akaipanda upya ndani ya shamba la mdogo wangu. Walishikiana panga, majirani wakawatenganisha. Watu wakatuletea hekima yao: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikawauliza, nikalime shamba lipi?

Mama alipofariki, mdogo wangu alisema mbele ya watu wote, kwa upole ulionitia baridi, "Tuzike mama kwanza. Hiyo ingine tutaongea."

"Sawa," kaka akasema. "Tuzike."

Siku zote za matanga walikaa pamoja kwenye lile kochi, chini ya picha, wakipeana chai na kupanga mambo ya viti na turubai. Wageni waliwasifu. Mimi nilitaka kupiga kelele, kwa sababu kwetu amani ya matanga ina mwisho unaojulikana, nao ni siku ya kunyoa. Nywele zikishatoka msiba umeisha, na mambo ya shamba yanaruhusiwa kuzungumzwa.

Siku hiyo tulikaa uani kwenye viti vya plastiki. Mama mdogo, ndugu yake marehemu, ndiye aliyekuwa ananyoa. Alianza na mimi. Zamu ya kaka ilipofika, mdogo wangu akasimama.

"Mama, nipatie hiyo wembe. Huyu nitamnyoa mimi."

Kaka alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikajiambia nikiona damu nitamrukia. Mdogo wangu alinyoa polepole, nyuma ya masikio, akashuka hadi kisogoni, akapangusa shingo kwa maji. Hakuacha hata mchubuko. Nililia kwa furaha, nikadhani mama ameshinda.

Kisha akakaa yeye, akamnyooshea kaka wembe. "Na wewe ninyoe."

Kaka hakuupokea. "Mkono yangu haiko sawa leo," akasema, akaingia ndani.

Mkono wake haukuwa na neno. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amewapasulia wapishi kuni. Ndipo nikajua kwamba muda wote nilikuwa nimemwogopa ndugu ambaye siye.

Mama mdogo alitaka kumalizia kazi, mdogo wangu akakataa. Kama kaka hataki kumnyoa, basi atakaa hivyo. Akakaa hivyo kweli. Wazee walikuja kuzungumzia mpaka, wakamkuta na nywele za msiba, wakarudi walikotoka. Mfiwa haitwi kwenye kikao cha shamba. Mahindi yakapaliliwa, yakavunwa, nywele zikamfunika masikio. Vijana wa bodaboda mjini Bungoma wakamwita rasta, naye akacheka tu: "Si ata mimi niko na staili, bana." Alikuwa anakataa kuumaliza msiba kwa sababu alijua kinachofuata, na kwa hilo nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda. Kila nilipompigia simu kutoka Kitale, hata salamu nilikuwa naziruka.

"Nywele iko?"

"Iko, sista."

Jana jioni mke wake alinipigia, akiongea kwa kunong'ona. Kaka alikuwa ameleta trekta asubuhi, akalima hadi mlango wa jiko lao. Nikamuuliza mume wake yuko wapi.

"Ametoka town saa hii, kwa kinyozi," akasema. "Dada, amenyoa kichwa yote."