Uso Juu ya Gunia la Unga

Mchoraji wa sura wa mtaa ule alikuwa mchaguzi kupita kiasi. Watu walimwita Bwana Subiri, maana ukimpelekea haraka zako alizipokea vizuri, akaziweka kando, akakwambia subiri. Turubai la kuchorea alilipeleleza kama mtu anayepokea posa ya bintiye. Aliligonga kwa kidole asikie linavyolia, akalinyanyua dirishani aone kama mwanga unapenya, kisha akachomoa uzi mmoja akauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huacha jivu laini. Wa nailoni hujikunja ukawa kidonge kigumu, na kwenye kitambaa cha namna hiyo, alisema, rangi haihamii, inapanga chumba tu.

Kwa uangalifu huo alichora nusu ya mtaa. Mwenye bucha, mwalimu mkuu, hata yule fundi saa asiyependwa na mtu, wote walikaa kwenye turubai safi, na baada ya miaka ishirini nyuso zao hazikuwa na ufa hata mmoja. Mkewe peke yake ndiye aliyemchora kwenye gunia la unga. Mfinyanzi hulia gaeni. Siku ile turubai lililobaki lilikuwa la mteja, gunia lilikuwa limefuliwa, na mke mwenyewe alicheka akasema yeye si mgeni, atachorwa vizuri siku nyingine. Mwaka uliofuata akafariki. Picha za kamera zililowa zote paa lilipovuja, likabaki gunia lile tu, limetundikwa ukutani juu ya kitanda.

Sasa gunia likaanza kumwaga rangi. Asubuhi moja mgane aliamka akakuta punje za kahawia kwenye mto, akatazama juu, akaona paji la uso la mkewe lina tundu. Binti yake, mshonaji aliyeishi naye na kurithi ulimi wa mama yake, alimwambia achukue penseli na karatasi saa ile ile, amnakili mama kabla hajaisha.

"Karatasi?" alisema. "Nilishamweka kwenye takataka mara moja. Safari hii nitamweka panapomstahili."

"Baba, hatumtafutii mama mchumba. Mama anabanduka."

Hakusikia. Alikwenda kwa muuza vitambaa, mama mmoja mtu mzima waliyejuana tangu ujana, akachoma uzi wa kwanza, ukawa kidonge. Akarudi baada ya siku mbili mzigo ulipoingia, akanyanyua turubai dirishani, akaona vitundu. Kila aliporudi nyumbani mto ulikuwa na punje mpya, na shavu la kushoto lilikuwa limekwenda. Safari ya tatu muuza vitambaa alimhurumia, akamshushia jora la kitani alilokuwa amelificha. Uzi wake uliacha jivu laini kama poda. Mgane alilikumbatia jora lile mbele ya wateja bila haya.

Akalivuta kwenye fremu, akalipaka gundi, akalipaka nyeupe ya kwanza, akasubiri likauke. Akalipiga msasa. Nyeupe ya pili, akasubiri. Ya tatu. Binti aliuliza kila siku, naye kila siku alijibu bado. Subira huvuta heri, wanasema, lakini hawakusema itakuwaje kama unayemsubirisha anabomoka.

Siku ya tano turubai lilikauka, likalia kama ngoma. Akapanda kitandani, akaling'oa gunia kwenye msumari ili aliweke kando ya turubai. Gunia lilikunjika mikononi mwake, na uso wote uliobaki ukateremka kwenye shati lake, ukaishia sakafuni.

Binti alimkuta amepiga magoti na sahani, anaokota. Akapiga magoti naye. Jioni sahani ilikuwa imejaa, na hakuna aliyejua lipi jicho, upi mdomo.

"Mdomo wa mama yako ulikuwaje?"

"Nilikuwa na miaka minne, baba. Nakumbuka mikono."

Alisimama mbele ya turubai na kipande cha mkaa. Baka la mwenye bucha alilijua lilipo. Meno ya fundi saa aliyajua idadi. Mkewe alikuwa akiingia chumbani na kikombe cha chai, anakiweka mezani, naye macho yake yako kwa mteja. Anapoyainua, mke yuko mlangoni anatoka. Basi akachora hicho alichokijua: kisogo, fundo la kitambaa cha kichwani, bega la kulia lililoshuka kidogo. Mkaa ulishika vizuri, kama unavyoshika kwenye turubai zuri.

"Ndiye," binti alisema, akaanza kulia.

Mgane alisogea mpaka pua yake ikakaribia kitani.

"Geuka basi, mke wangu," alisema taratibu. "Leo sina mteja."