Vigelegele vya Shangazi

Juzi nilimwona mwanamke akinyanyua vyuma kwenye Olimpiki, nikamkumbuka shangazi yangu wa mji wa Palma, aliyenilea. Mchana mmoja nikiwa mtoto, watu wa kampuni ya gesi walikuwa wanapima nyumba ambazo wenyewe wangehamishwa. Shangazi alitufungia ndani, akiamini nyumba isiyo na mtu haitapimwa. Chumba kilinuka jasho na samaki mkavu. Televisheni aliipunguza sauti tu, maana mashindano ya kunyanyua vyuma aliyapenda mno.

Mnyanyuaji alisimama na vyuma juu ya kichwa, akitetemeka. Nilidhani anaadhibiwa, kumbe alikuwa anangoja ishara ya mwamuzi.

“Shangazi, kwa nini hawamruhusu ashushe?” nilinong'ona nikilia.

“Nyamaza, mwanangu, watatusikia.”

Ishara ikatoka. Shangazi akaruka, akapiga vigelegele.

“Hodi, dona, mama mwenye nyumba! Fungua tupime,” mpimaji akaita mlangoni.

Shangazi akajifunga kanga, akaenda kufungua.