Kipande Ambacho Mama Hakukigusa kwa Jembe

Tk. Hivyo tu, wala si mlio mkubwa. Vunja ganda la njugu karibu na sikio ndani ya chumba kilichonyamaza, utaupata. Ni mlio wa ndago, lile gugu la viazi vidogo, inapokatika chini ya ardhi. Wewe umelivuta jani huku juu, na kule chini usikoona kitu kimekataa kuja, kikauachia mkono wako. Mpaka leo nikipita mahali mtu anapalilia, shingo hunisisimka kabla sijajua nimesikia nini.

Tulikaa Kilifi, juu ya jabali, mahali ambapo honi ya feri ilikufikia hata ukiwa chooni. Baba alikuwa mtunza nyumba ya mzungu mmoja mzee. Sisi tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya jiko, na mbele ya ile nyumba kubwa palikuwa na ukoka. Jamani, ule ukoka! Baba aliukata kila wiki mpaka ukawa kama zulia la msikitini. Mzungu akiwa hayupo nililala chali pale, nikawa malkia, nikawa rubani, nikawa mwimbaji wa redioni. Nilikuwa na miaka tisa na kazi zangu zote nilizifanya nikiwa nimelala.

Halafu mzungu akarudi kwao kutibiwa, na mvua nazo zikawa kama zimeondoka naye. Ulikuwa ule mwaka wa mahindi ya manjano, waliokuwapo wanaukumbuka. Ugali wake ulinukia gunia, na mboga sokoni zilikuwa za kutazama tu. Barua ikaja kwamba mzee hatarudi karibuni, Baba aung'oe ukoka, apande chakula.

Nilifurahi mpaka nilipowasikia wakizungumza nyuma ya mlango.

"Mvua za mwaka zikitukuta hatujapanda," Baba alisema, "Kadzo itabidi aende Rabai kwa dada yangu. Kule angalau kuna mihogo."

Mimi nikajibu kabla ya Mama, moyoni: siendi. Nilishapelekwa Rabai mara moja, nikiwa na miaka mitano, wakati Mama alikuwa na tumbo kubwa na nyumba nzima ikitembea kwa kunyata. Shangazi alikuwa mwema, lakini niliporudi nilimkuta mama mwingine. Tumbo halikuwapo na mtoto hakuwapo, na yule mama aliyekuwa akicheka mpaka anashika mlango alikuwa amejifunza kucheka kwa mdomo peke yake. Hakuna aliyenieleza. Nami kwa akili zangu za utotoni nikaamua kwamba nyumba ukiiacha peke yake, kitu huingia kikachukua. Kwa hiyo bustani ile kwangu haikuwa mboga. Ilikuwa ni kukaa.

Baba alianza kwa kosa. Mtu aliyekata ukoka miaka minane aliujua ukoka kwa juu tu. Alichukua jembe, akapindua kila kitu kwa siku tatu, akitoa jasho na nyimbo za kanisani. Mimi nililia kwamba jembe langu zito, akaniambia mchagua jembe si mkulima. Vikonyo vya ukoka tulivikusanya kwa reki, tukavianika ukutani vikakauka. Udongo ukabaki mwekundu, safi, mzuri kama keki. Tukalala tukiwa washindi.

Baada ya siku nne ndago ziliamka. Zilikuwa zimelala chini ya ukoka miaka yote ile, na kila moja ina viazi vidogo vyeusi vilivyofungamana kama tasbihi. Ukiikata tasbihi ile vipande kumi, umepata ndago kumi. Baba alikuwa amezikata maelfu. Zilitoka zimenyooka, za kijani kibichi, kama watu waliokuwa wakisubiri waitwe.

Bi Zuhura, mpishi wa nyumba ya pili, mwanamke wa mjini Malindi mwenye maneno yake, alisimama kwenye ua akiwa na mwiko mkononi.

"Baba Kadzo, hapa umelima au umepanda?"

"Cheka tu, Bi Zuhura. Utakuja kuniomba mchicha."

"Mchicha huo nitauomba kwa wajukuu zako."

Hapo Mama akaingia kazini. Yeye alikulia shambani, Dabaso. Alitufundisha kupiga magoti, kuingiza ncha ya panga pembeni ya jani, kulegeza udongo, kisha kuifuata ile tasbihi kwa vidole mpaka kiazi cha mwisho. Ukisikia tk, umeshindwa, chimba tena. "Usiivute," alikuwa akisema. "Iombe." Tulijaza karai baada ya karai, tukavichoma viazi vyake mpaka vikalia. Na pale tulipokwisha kupita, Baba alifunika kwa nailoni nyeusi na kuigandamiza kwa mawe, ili jua lizipike zilizobaki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuogopa.

Kwetu pwani mtoto hazururi jua la utosi. Si saa ya watu, ni ya majini. Bi Zuhura alinikuta siku moja uani saa saba, akanifukuza kwa mwiko. "We mwana! Saa hizi wenyewe wapita, nawe wajianika hapa kama papa! Ndani!" Nilikimbia, lakini kabla sijafika mlangoni nilisikia. Hapakuwa na upepo wala mtu. Nailoni ilikuwa imetanda ikimetameta kama maji meusi, na kutoka chini yake: tk. Kimya. Tk. Mahali pengine. Tk, tk. Kama mtu aliyelala chini anayebisha hodi kwa kucha.

Niliinama. Ncha ya kijani, kali kama sindano, ilikuwa imetoboa nailoni na kuchungulia nje. Halafu nyingine. Ndago zilikuwa zikitoka bila kuwahitaji watu wa kuzifunua.

Nilipoinua uso, nilimwona Mama. Alikuwa kwenye pembe ya ukuta, chini ya mdimu, amepiga magoti juani, peke yake, bila kitambaa kichwani. Alikuwa akipalilia kile kipande.

Kipande hicho sijakitaja bado. Hakikuzidi upana wa mkeka. Tangu siku ya kwanza Mama alimwambia Baba asikipige jembe, naye Baba akakiruka. Mama hakukifunika nailoni, hakukipandia kitu. Alitoa ukoka wake na ndago zake kwa vidole tu, bila hata panga, na kila mara saa hiyo hiyo ambayo sisi tumekatazwa. Na midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilitega sikio.

"Lala," aliiambia ardhi. "Tulia, lala."

Nilirudi ndani mbio, nikajifunika shuka kwenye joto lile la kuyeyusha mshumaa. Nikajua kilichomchukua Mama kipindi kile niko Rabai. Kilikuwa pale, chini ya mdimu, na Mama alikuwa akikibembeleza kisiamke.

Wiki zilivyosogea, mawingu yalianza kukaa upande wa bahari na ndago zikawa zinapungua kila mahali, ila zile zilizokuwa karibu na kipande. Kila asubuhi zilikuwa zimetambaa hatua moja kuingia kwenye matuta ya Baba. Alichimba akaifuata tasbihi, ikampeleka moja kwa moja chini ya mdimu.

"Mama Kadzo, mbegu iko hapa. Niache nipachimbe mara moja tu, tumalize."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Baba Kadzo, nimesema hapana."

Baba alilitupa jembe. "Basi na mtoto aende Rabai."

Siku iliyofuata Baba alikwenda mjini na Mama akalala, kichwa kilikuwa kinamgonga. Saa saba kamili nilitoka na jembe. Msinione jasiri. Nilitembea nikitazama nyuma, na vivuli vyote vilikuwa vimejificha chini ya miti yao. Lakini niliona kuna njia moja tu ya kukaa nyumbani kwetu na kumrudisha mama yangu: kukitoa kile kitu, na ndago zake. Nikainua jembe, nikapiga. Chini yake: tk. Nikapiga tena. Tk, tk, tk, kama kundi zima limegutuka. Udongo wa pale ulikuwa laini kuliko wa kwingine, kama uliwahi kufunguliwa. Nikapiga mara ya tatu.

"Kadzo."

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonigandisha. Alikuja miguu mitupu juu ya nailoni ya moto, akalichukua jembe mkononi mwangu taratibu kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Kisha alipiga magoti na kuurudisha udongo kwa viganja, donge kwa donge, akiupapasa, akiusawazisha, akiuambia ulale. Machozi yalimtoka bila uso kujikunja. Mimi nilisimama pale nikisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Kunguru mmoja alilia juu ya paa, basi.

Baba aliporudi aliuona udongo umetibuliwa. Alimtazama Mama, akautazama udongo, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi: alivua kofia. Alikwenda nyuma ya banda akarudi na mabati ya zamani yaliyokuwa yameshika kutu. Akachimba mtaro mwembamba kukizunguka kipande chote, wa kina cha kufika kiunoni pangu, akiwa mwangalifu asikiguse hata kwa kidole cha mguu. Akayasimamisha mabati ndani ya mtaro, akashindilia. Ndago za ndani zikabaki ndani. Za nje tulizimaliza siku tano kabla ya mvua.

Tulikula mchicha, mnavu, kunde na bamia. Bi Zuhura alipewa fungu la kwanza, akadai lilikuwa na chumvi kidogo. Rabai sikwenda.

Bi Zuhura ndiye aliyeniambia, nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa, tukichambua mchele. Alisema kama anasema habari ya hali ya hewa. Mtoto alizaliwa wa kike, akapumua mpaka adhuhuri. Mtoto mchanga kama yule alizikwa na wanawake peke yao, na mwanamume hakuonyeshwa wala hakuuliza. Makaburi ya kwao yalikuwa mbali, na uwanja haukuwa wao. Wakainua kibandiko cha ukoka pembeni, chini ya mdimu, wakamlaza, wakakirudisha juu yake kabla mzungu hajaamka usingizi wake wa mchana. Kesho yake Baba alipita hapo na mashine ya kukatia nyasi.

Miaka minne Mama aliwaona watu wakikanyaga pale, na binti yake akilala chali akiwa malkia. Barua ya mzungu ilipokuja, sisi tuliona chakula, yeye aliona jembe. Na mimi niliyedhani kuna kitu kimemchukua mama yangu, niliyekuwa tayari kukipiga kwa jembe ili nisipelekwe mbali na nyumbani, ni mdogo wangu niliyekuwa nikimtoa nyumbani. Nikiwaza hayo hunibidi nikae chini kidogo.

Lakini kuna siku moja nataka niwape pia, kwa sababu ilitokea kabla sijajua lolote. Mwaka uliofuata mvua zilikuwa zimekwisha, Mama amejifungua mdogo wangu mwingine, huyu akaishi, na alikuwa bado hatoki nje. Saa saba nilichungulia dirisha la kitandani kwake nikaona ndani ya mabati ndago zimeota tena, ndefu, zimefika magoti. Niliona namna Mama alivyogeuza uso ukutani ili asizione.

Nikatoka. Hakuna aliyenituma. Niliruka mabati, nikapiga magoti, nikazitoa zote kwa vidole, moja moja, nikiziomba. Ilinichukua mpaka honi ya feri ya saa tisa. Ardhi ilibaki tupu, kavu, imepasukapasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Nikaionea huruma. Mkulima yeyote angenicheka, maana maji ni chakula cha ndago. Hata hivyo nilikwenda bombani na kikombe changu cha uji, nikakijaza, nikarudi nacho kwa mikono miwili, nikammwagia aliyelala pale.