Banzi Lililobaki Nyasini

Nimelala katika miji mingi tangu nitoke Eldoret, na kila mji ninaofika hutafuta kwanza uwanja wa mpira. Jukwaani sipandi. Husimama kwenye nyasi.

Jukwaa letu la lokesheni, mtaa wa Waafrika miaka ile ya wazungu, lilikuwa la mabanzi, vile vipande vya kando ya gogo ambavyo kiwanda cha mbao kilivitupa. Mwenyekiti wa kwanza wa klabu yetu, tuliyemwita Mzee, ndiye aliyelianzisha. Alikuwa karani wa reli, mtu wa upande wa magharibi kama mimi, na mwaka wangu wa kwanza mjini nililala chumbani kwake bila kuulizwa nitatoka lini. Jumamosi alisimama nje ya kiwanda, na kila mshabiki aliyepita alimtwika banzi moja begani. Ulilobeba uliligongomea mwenyewe, na hapo ndipo ulipokaa. Ukimkuta mtu kwenye banzi lako, ulikohoa tu, naye alihama.

Baadaye uenyekiti ulipita kwa wengine, na mchwa wakaingia kwenye nguzo. Jumapili moja wakati wa mvua tulifunga bao, watu wakaruka, upande mmoja ukalala chini. Mwashi mmoja akavunjika mguu. Manispaa ikasema itatujengea jukwaa la saruji na mabati, mradi la zamani liondoke.

Tulikutana uwanjani baada ya kanisa. Fundi viatu akasema jukwaa lile ni jasho letu, haliwezi kung'olewa kama magugu.

"Jasho lipi?" akauliza dereva wa trekta. "Wewe hukubeba hata fito. Siku zote unakaa kwa banzi la shemeji yako."

Watu walicheka. Dereva akaendelea kwamba Mzee alichimbia nguzo kama anayejenga ghala ya mahindi, akasahau kwamba mahindi hayashangilii. Hapo waliocheka walikuwa wachache, maana Mzee mwenyewe alikuwepo, kofia yake magotini. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na nyumba za lokesheni zilikuwa za wenye kazi. Alhamisi angepanda gari la moshi kurudi kwao. Alisimama mara moja tu.

"Bomoeni," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Mnabomoa mbao, au mnanibomoa mimi?"

Akaketi. Tulipoambiwa tuinue mikono, niliinua wangu kwa kubomoa. Nilikuwa nimesaidia kumbeba yule mwashi.

Jumatano tulibomoa. Kila mtu aliondoka na banzi lake, huyu kwa banda la kuku, yule kwa mlango. La Mzee nikataka kumpelekea. Seremala mmoja mzee kutoka Kiplombe akanishika mkono. Kwao, alisema, kiti cha mtu aliye hai hakiondolewi na mwingine, kwa sababu kukiondoa ni kumzika. Aje kulichukua mwenyewe. Tukakubali wote. Tulilifuta tope, tukalilaza nyasini likielekea uwanja, tukavua kofia. Halafu tukaenda nyumbani, na katika watu wale wote hakuna aliyekumbuka kumwambia Mzee.

Alhamisi asubuhi nilimbebea sanduku. Njia ya stesheni ilipita kando ya uwanja. Mzee alisimama. Pale palipokuwa na jukwaa palikuwa na mashimo, na banzi moja peke yake likiwa limelowa umande. Alilijua.

"Hata kwa kuni halikufaa," akasema.

Nilifungua mdomo. Lakini Jumapili alikuwa ameuona mkono wangu juu, na niliona lolote nitakalosema litakuwa la kujitetea. Nikajiambia nitamweleza stesheni. Stesheni kulikuwa na watu wengi, gari likafika mapema, akanishukuru kwa kubeba sanduku.

Nilimwandikia barua, kurasa mbili. Jibu lilitoka kwa binti yake: baba alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia barua yangu. Aliuliza kama uwanja ni ule ambao marehemu hakutaka utajwe nyumbani.

Jukwaa la saruji lilipokwisha, tulikaa mahali palipokuwa wazi, bila kukohoa. Banzi lilibaki pale chini. Wafyeka nyasi walilizunguka. Sikumwambia mtu kwamba mwenyewe hatakuja.