Nilivyomlilia Mama Tumaini Mbele ya Picha Yake

Nakiri ujinga wangu mwenyewe: Jumamosi nilimlilia jirani yangu msiba, naye hajafa.

Mimi ni mtu wa kukaa ndani, habari za mtaa hunifikia zimeshapoa. Siku hiyo natoka kununua chumvi, miguu imechoka, nikaona majirani zangu wa hapa Tunduma wakiingia ukumbi wa kanisa, wamependeza, wanaongea kwa sauti ya chini. Nikawafuata. Mlangoni kuna meza, maua, daftari na kalamu. Ukutani kuna picha kubwa ya Mama Tumaini, amekaa mlangoni pake anachambua mchele. Huku kwetu picha ya ukubwa ule hutangulia jeneza. Pembeni kulikuwa na picha za watoto wakioga kwenye beseni. Nikajua ndio wajukuu aliowaacha.

Kumbe yalikuwa maonyesho ya picha za maisha ya nyumbani! Mimi ningejuaje?

Nikaandika daftarini, "Pumzika kwa amani." Kisha nikaangua kilio: "Mama Tumaini, umeondoka sijakurudishia sufuria yako! Nilikuapia sinayo, nikakuacha unamlaumu wifi yako!"

Watu wote wakanigeukia. Mpiga picha mwenyewe akashusha kamera. Nikahisi mkono begani, nikageuka. Alikuwa Mama Tumaini, kavaa kitenge kipya, kaja kujitazama ukutani.

"Futa kamasi, jirani," akasema. "Marehemu anaitaka sufuria yake leo hii, na wifi yangu yule pale nyuma yako, kamwambie mwenyewe."