Profesa Alipokuja Kupima Umaskini wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa dobi, na kama kulikuwa na kitu alichokichukia kuliko doa la mchuzi kwenye shati jeupe, ni kuonewa huruma. Mumewe, fundi mwashi, alianguka kazini, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Ndipo tukasikia kuna profesa anayetafiti umaskini na maendeleo ya Afrika. Alitembea na daktari na mchumi, kwa sababu alisema umaskini hautazamwi kwa jicho moja. Familia zitakazoonekana duni kabisa zingetibiwa bure.

Shangazi akafanya nini? Akaazima. Makochi mawili, redio na vikombe vyenye visahani, vyote kwa jirani wa mlango wa pili.

"Shangazi, hawa wanatafuta maskini," nilimwambia.

"Kwa hiyo mgeni nimkalishe kwenye ndoo? Wewe ulilelewa na nani?"

Alinilea yeye. Niliudhika, lakini nikayabeba makochi.

Profesa alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. Alikaa, akanywa chai, akampa pole mgonjwa, kisha akatupia macho redio.

"Hivi vyombo ni vyenu, mama?"

"Ni vyetu," akajibu shangazi, na mumewe akageukia ukutani.

Majina yalipotoka, lao halikuwemo. La jirani lilikuwemo, maana profesa alipotoka kwetu aliingia kwake, akakuta chumba kitupu kama kiganja. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Nilimkokota shangazi hadi ofisini kwa profesa akaseme kweli. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mama. Lakini nikibadilisha moja, kesho kila mtu atakuja kusema vyake ni vya kuazima. Utafiti wote utaharibika."

Shangazi akamwomba radhi kwa kumsumbua. Alimwomba radhi yeye! Nilitoka nje nisije nikatukana.

Mguu ulikatwa, lakini sumu ilikuwa imeshapanda, na tukamzika mumewe kabla ya mvua. Mwaka uliofuata profesa akatuma ujumbe kwamba anarudi kuona familia zinaendeleaje. Shangazi alifagia, akanawa uso, akaniita.

"Nenda kwa jirani kaazime makochi," akasema. "Wasije wakadhani marehemu ameniacha na shida."