Barafu ya Kilio

Dada yangu mkubwa hali tena chakula nyumbani kwangu. Akitoka Moba anafikia kwa mama mdogo, kisha anakuja kwetu kusalimia, anakaa kwenye ukingo wa kiti, anauliza habari za watoto, anaaga. Mke wangu akimwekea sahani anasema ameshiba. Ameshiba wapi, jamani, wakati boti limemtapisha njia nzima? Lakini simlaumu. Ningekuwa yeye, hata hiyo salamu nisingeileta.

Mimi ni mtu wa barafu. Baba yetu alikuwa fundi wa kiwanda cha barafu hapa Kalemie, kule chini upande wa bandari, na mimi nikamfuata kazini nikiwa bado sina ndevu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Maji yanaingia kwenye makopo marefu ya chuma, kompresa inanguruma, kesho yake yanatoka magogo ya barafu, na akina mama wa samaki wanayanunua kuwekea mikebuka yao. Baba alikuwa na kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye kompresa, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. "Anakohoa," angesema. Au, "Leo amelala muzuri." Sikumbuki akikosea. Au labda alikosea na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana mzee yule alikuwa mkali.

Na kiwanda kilikuwa na desturi yake. Watu wetu wametawanyika, huyu yuko Moba, yule Kongolo, mwingine ameoa Kigoma ng'ambo ya ziwa. Mtu akifa, maiti inalala nyumbani ikiwangoja, na joto la hapa mnalijua. Kwa hiyo mwenye msiba alikuja kiwandani na beseni, akasema kuna kilio mtaa fulani, akapewa barafu. Kila siku alipewa, mpaka wa mwisho kufika afike. Hakuulizwa dini wala kabila, na hakulipa. Baba alisimama mlangoni akaita kwa sauti yake yote, "Barafu ya kilio! Muache njia!" na foleni nzima ikapasuka katikati. Hata mama ambaye samaki wake walikuwa wameanza kulegea alisogea, akajipiga ishara ya msalaba.

Baba alipostaafu, mimi nikawa shefu wa chumba cha tatu, chumba cha magogo. Ndipo kiwanda kikauzwa. Wenye mali wapya hatukuwaona hata siku moja. Walimtuma mwanamke mmoja, fundi kutoka Lubumbashi, na makasha madogo meusi yasiyozidi kopo la maziwa. Aliyafunga kwenye kompresa, kwenye milango, kwenye mabomba, kila mahali, halafu akatukusanya uani.

"Tangu leo hatuuzi barafu," alisema. "Tunauza baridi."

Tukacheka. Mwenzangu mmoja akauliza baridi inapimwa kwa kilo au kwa ndoo. Yule mama hakukasirika, alitueleza taratibu. Kila muuza samaki atakuwa na kabati lake kwenye vyumba vikubwa viwili, mlango wake unafunguka kwa telefone yake peke yake, na analipia saa ambazo samaki wake wamelala humo. Magogo yatatengenezwa machache tu, kadiri mashine itakavyoona yanahitajika. Nani ataamua? Mashine. Inaangalia mwezi, inaangalia upepo, inaangalia akina mama wamefungua makabati mara ngapi wiki iliyopita, inajua Ijumaa samaki watakuwa wengi au hapana.

Sitasema uongo, ilikuwa na akili. Nilitaka ishindwe, niliomba kabisa ishindwe, ikakataa kushindwa. Samaki waliacha kuoza. Akina mama waliokuwa wakituimbia matusi kila asubuhi walianza kutupungia mikono. Siku moja kasha likasema beringi ya kompresa iko karibu kuvunjika. Nikamwita baba nyumbani, aje aliaibishe hilo kasha. Mzee akaja na mti wake, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Iko sawa kabisa." Tukaifungua. Beringi ilikuwa imepasuka.

Baba aliufuta mti wake kwa shati, akauweka kwapani. "Kinasikia kunipita," alisema. "Sawa. Lakini mambo yasiyolia, nani atakiambia?" Akaenda zake bila kuaga.

Tulikuwa kumi na wanne, tukabaki watatu. Waliotoka niliwajua wote mpaka majina ya watoto wao, na kila nikipita mitaani kwao nilitembea haraka kidogo. Mimi nilibakizwa kwa sababu magogo bado yalihitaji mikono ya kuyatoa. Kila gogo lililotoka, telefone ya kazi iliniuliza limekwenda wapi, na nilikuwa na majibu matatu ya kuchagua: Limeuzwa. Limevunjika. Limeyeyuka. Yule fundi wa Lubumbashi alinionyesha pia alama ya kipaza sauti pale pembeni. "Kitu kisichokuwa na mahali pake, ubonyeze hapa, useme kwa mdomo wako," alisema. "Inasikia Kiswahili. Na wenye mali wanasoma."

Nilisema, ndiyo Mama, nimeelewa.

Wiki ya kwanza haikuisha, mtu akaja na beseni. Kilio. Nikampa magogo mawili, telefone ikauliza, nikakaa nayo mkononi. Limeuzwa? Kwa nani? Limevunjika? Mashine ingetaka picha ya vipande. Nikabonyeza Limeyeyuka. Haikuuliza neno. Nikawaambia wenzangu wawili, "Barafu ya kilio, muandike imeyeyuka." Nilijiona mjanja, wallahi. Nilijiona nimeipata mashine ya watu.

Jioni hiyo nilimsimulia baba nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Aka!" alisema. "Barafu ya kilio inatolewa kwa sauti, mbele ya watu. Ukianza kuificha inakuwa wizi. Uwaambie wenye mali."

"Papa, wale hawatujui. Nikiwaambia tunatoa barafu bure, kesho mimi njo nitakuwa wa kumi na mbili kufukuzwa."

"Umewauliza?"

"Nitauliza nini? Ni watu wa mbali."

"Si umesema kuna mahali pa kusemea? Sema, mwanangu. Wakikataa, tutajua wamekataa."

Niliitikia kama mtu anavyowaitikia wazee, na sikusema. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na minerval, yaani karo, haingoji. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa, na woga wangu niliuvika koti la ujanja.

Mvua zikaja na vifo vikaja, kama kila mwaka. Magogo yakatoka, na sisi tukaandika imeyeyuka, imeyeyuka, imeyeyuka. Sikuwaza kwamba yule aliyemo ndani ya kasha anasoma kila neno na kuliamini. Mwizi ungemdanganya angalau angekutilia mashaka. Hiki kitu hakikuwa na mashaka hata kidogo. Kilituamini sisi watatu kuliko mke wangu anavyoniamini, kikajifunza kwa bidii kwamba chumba cha tatu ni kibovu na kinayeyusha barafu.

Baba aliugua mwishoni mwa mvua hizo, mapafu. Jumapili nikiwa kando ya kitanda chake telefone ikalia. Chumba cha tatu kimefungwa kwa sababu ya upotevu wa barafu. Kompresa yake imezimwa. Fundi atapangwa. Nilisoma mara mbili. Nilijua sababu, nani angeijua kuliko mimi? Kipaza sauti kilikuwa pale pale pembeni, ningebonyeza tu. Nikairudisha telefone mfukoni. Nilijiambia kwamba fundi akija ataona chumba ni kizima, na mambo yatakwisha bila mtu kuulizwa.

Jumanne asubuhi baba akafa.

Alikuwa ameshatukataza kumpeleka morgi ya hospitali. Alitaka kulala nyumbani kwake, juu ya barafu, kama wote aliowahudumia. Tukampigia simu Moba dada, yaya wetu tunavyomwita. Alilia, halafu akasema maneno ambayo bado nayasikia, "Muningojee. Musimufunike kabla sijamuona." Boti lilikuwa linangoja mahindi lijae, lingefika Alhamisi. Nikamwambia asiwe na hofu. Mdogo wake ni mtu wa barafu.

Siku ile ya kwanza majirani walileta barafu za chupa kutoka kwenye frigo zao, mama mmoja akaleta hata juisi za watoto zilizoganda. Jioni umeme wa mtaa ukakatika. Jumatano asubuhi maji yalikuwa yanachuruzika chini ya kitanda na mama yetu anayafuta kwa kitenge chake. Baba wadogo walianza kunong'onezana. Nikachukua beseni kubwa kuliko yote nikashuka bandarini, na kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyekuwa mwenye kilio.

Mlango wa chumba cha tatu haukufunguka. Ndani, makopo yalikuwa na maji ya uvuguvugu. Zamani kulikuwa na mkono wa chuma, unauvuta, kompresa inaamka; waliung'oa walipofunga makasha. Nikakimbilia vyumba vikubwa. Mama mmoja wa samaki, aliyemjua baba tangu ujana wake, akafungua kabati lake kwa telefone yake, machozi yanamtoka. "Chukua, mwanangu, chukua chochote," alisema. Nikaingiza kichwa. Mikebuka imepangwa vizuri kwenye trei, na hewa ya baridi ikanipiga usoni. Chembe ya barafu hakuna. Yule mama alibaki ameushika mlango wazi, na mimi na beseni langu, tunatazamana. Baridi haibebeki kwa beseni.

Hapo ndipo nilipobonyeza kipaza sauti. Nilipiga kelele kama kichaa. Nilisema yote, desturi, kilio, uongo wetu, jina la baba yangu, miaka yake katika kiwanda kile. Sauti ya kike ya mashine ikanijibu kwa Kiswahili cha ng'ambo, kile safi cha redio. "Pole sana kwa msiba. Nimeelewa kwamba chumba cha tatu hakina hitilafu. Nimewafikishia wahusika maelezo yako. Kufungua chumba kunahitaji idhini yao." Lini? "Watakapojibu." Nikaupiga mlango mateke mpaka kidole cha mguu kikavunjika. Mlinzi aliniangalia tu. Angefanya nini, na yeye hana ufunguo?

Nilikaa pale nikingoja, nikitumaini, mpaka jua likapita utosini. Niliporudi nikichechemea, beseni tupu mkononi, niliwakuta watu barabarani wanatoka makaburini. Baba mdogo alinishika bega. "Hatukuweza kumuacha mukubwa wetu anuke mbele ya watu," alisema. "Tulikupigia, telefone yako ilikuwa inasema na watu wengine."

Dada alifika Alhamisi mchana, kitenge amejifunga kiunoni, begi kichwani. Aliona kitanda kitupu. Hakulia kwanza. Alinitafuta kwa macho kati ya watu wote wale mpaka akanipata.

"Si njo weye mwenye barafu?"

Nilikuwa na maneno mengi. Midomo yangu ikatoa lile moja ililozoea.

"Imeyeyuka, yaya."

Dada alikulia kwenye kiwanda kile kama mimi. Alijua barafu ya kilio haijawahi kuyeyuka kabla ya mtu wa mwisho kufika, maana baba aliileta upya kila siku. Aliniangalia, akakaa chini kwenye mkeka, akasema taratibu, "Basi unieleze sura yake. Walimunyoa? Mudomo walimufunga muzuri? Unieleze tu, nitaridhika."

Saa ile walipomfunika, mimi nilikuwa napiga mateke mlango bandarini. Sikuwa na cha kumweleza. Ndipo akaanza kulia, na mama akalia, na mimi nikatoka nje.

Ijumaa wenye mali walijibu. Walituma salamu za pole, ndefu, zenye adabu. Chumba cha tatu kikafunguliwa, kompresa ikaamka. Na kwenye telefone, chini ya yale majibu matatu, likawepo la nne: Kilio. Ukilibonyeza, mlango unafunguka, na chini yake pameandikwa kwamba barafu hii ni zawadi ya kiwanda. Hakuna aliyefukuzwa. Hadi leo linafanya kazi, Mungu anajua, na watu wanasifu.

Sijui ni shetani gani aliyenituma kumwonyesha dada. Labda nilitaka aone kwamba kifo cha baba kimezaa kitu. Aliishika telefone karibu na macho, akalisoma lile neno kwa sauti.

"Uliwaambia mara ngapi mpaka wakaliweka?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimechoka.

"Mara moja," nilisema.

Akanirudishia telefone mkononi, akainuka, akaanza kufunga mizigo yake.